Jicho la kichanga lisilopona: anza na umri, si na dawa

Katika miezi ya karibuni dawati letu la malalamiko limepokea wazazi wengi wenye kilio kimoja. Mtoto amepewa dawa ya macho zahanati, ametumia, tongotongo limerudi. Akapewa nyingine, limerudi tena. Wapo wanaosema dawa ni feki, wapo wanaosema wahudumu wanawazungusha. Kila lalamiko linashughulikiwa kwa utaratibu uliowekwa. Hata hivyo, mara nyingi tatizo haliko kwenye dawa.

Mhudumu atakuuliza kwanza umri wa mtoto, kwa siku. "Ana kama mwezi hivi" haitusaidii. Jicho linalotoa usaha ndani ya siku 28 za kwanza ni dharura. Jicho lisilo jekundu linalolengalenga machozi miezi mitatu mfululizo ni habari nyingine kabisa.

Kope zikivimba na usaha mwingi wa njano ukatoka kati ya siku ya 2 na ya 5, tunashuku kisonono ambacho mtoto amekipata wakati wa kuzaliwa. Vimelea hivi vinaweza kutoboa kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, ndani ya siku moja au mbili. Klamidia, maambukizi mengine ya zinaa, huchelewa, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 14, na inaweza kuleta nimonia wiki chache baadaye. Ndiyo maana matone peke yake hayatoshi: kisonono kinatibiwa hospitali kwa sindano ya seftriaksoni, klamidia kwa dawa ya kunywa. Usimsafishe mtoto usaha wote kabla ya kutoka nyumbani, maana huo ndio tunaoupeleka maabara.

Mama na mwenza wake nao wanatibiwa. Hapa ndipo mazungumzo hukwama. Wanawake wengi wenye maambukizi haya hawana dalili yoyote, kwa hiyo "mimi sijawahi kuumwa" si jibu la kitabibu. Na baba anayebaki getini akilinda pikipiki atarudi nyumbani na ugonjwa wake. Hakuna anayeitwa chumbani kuhukumiwa, na taarifa zenu hazimfikii mama mkwe.

Jambo dogo kuhusu mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 ambayo mtoto hupakwa machoni muda mfupi baada ya kuzaliwa: msiyafute. Bado tunasikia kwamba watoto wanafanyiwa majaribio. Kinga ya macho ya vichanga ilitangazwa na daktari Carl Credé huko Leipzig, Ujerumani, mwaka 1881. Majaribio gani hayo yasiyoisha zaidi ya karne?

Kuhusu kuzungushwa, utaratibu ni huu. Nenda kituo cha karibu ukiwa na kadi ya kliniki ya mtoto. Zahanati ikishindwa inaandika rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Dar es Salaam ni Amana, Temeke au Mwananyamala, na kutoka hapo Muhimbili. Hakikisha barua ina muhuri, tarehe, jina la kila dawa aliyopewa na siku alizotumia. Barua isiyo na hayo inamlazimisha daktari anayempokea kuanza upya. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma yana msamaha kisera. Ukitozwa, dai stakabadhi na uifikishe kwa mganga mfawidhi wa kituo. Pamoja na hayo yote, kichanga mwenye kope zilizovimba na usaha hasubiri barua. Mpeleke moja kwa moja hospitali.

Sasa yule wa machozi ya miezi mitatu. Machozi hushuka puani kwa mfereji mwembamba, na kwa watoto wengi mfereji huo huzaliwa ukiwa bado umezibwa na kiwambo upande wa chini. Mtoto anacheza, jicho halijawa jekundu, ila kila asubuhi kope zimegandana. Dawa ya kuua bakteria inakausha usaha siku chache, mfereji unabaki umeziba, tongotongo linarudi. Hiyo ndiyo "dawa feki" tunayoletewa mara nyingi.

Kwa watoto takribani 9 kati ya 10 mfereji hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Kinachosaidia ni kukanda. Kucha ziwe fupi, mikono safi. Weka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho iliyo karibu na pua, bonyeza, kisha telezesha kidole kushuka ubavuni mwa pua. Fanya hivyo mara 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku. Wengi wanapapasa tu wakiogopa kumuumiza. Kama husikii mfupa chini ya kidole, hujakanda. Usaha ukichomoza konani, ufute kwa pamba iliyochovywa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima, hasa yale ya chumvi ya mitaa yetu mingi, yasiende machoni yalivyo.

Mwaka ukipita bila mabadiliko, daktari wa macho atauzibua mfereji kwa kijiti chembamba, mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Acheni kukanda na mje haraka mkiona uvimbe mwekundu konani pamoja na homa. Njooni pia kama mtoto anakwepa mwanga, kioo cha jicho kina ukungu au ni kikubwa kuliko kawaida, au mboni inang'aa nyeupe. Dalili hizo zinaweza kuwa za presha ya jicho au saratani.

Mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024 ulionyesha jinsi jiji hili linavyopenda tiba za jirani. Chai ya rangi, mate na mkojo havina kazi kwenye jicho la mtoto. Maziwa ya mama anyweshwe. Wanja wa kukinga kijicho tunaelewa unatoka kwa bibi mwenye mapenzi, lakini baadhi yake una madini ya risasi, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto.

Mwisho, maduka ya dawa. Matone yenye deksamethazoni, dawa ya jamii ya steroidi, huondoa wekundu haraka, na ndiyo maana yanapendwa. Yakitumika bila uangalizi yanaweza kupandisha presha ya jicho, kuleta mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi) na kuchochea maambukizi ya virusi. Dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Duka linalokiuka masharti ya leseni linaweza kufungwa na Baraza la Famasi, dawa zikataifishwa na mhusika akafikishwa mahakamani. Mteja anayeshuka daladala na kuagiza "yale matone ya siku ile" naye ni sehemu ya tatizo. Ukishuku dawa ni duni, usiitupe: tunza boksi lenye namba ya toleo pamoja na risiti, uvipeleke TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) au kwa mfamasia wa hospitali. Na chupa iliyofunguliwa zaidi ya siku 28 zilizopita isitumike, hata kama imebaki nusu na ni ya mtoto yule yule.