Mdoli wa Kroshia: Yanayosemwa Mtwara na Lindi, na Yaliyo Kweli

"Aliyezoea vitambaa vya makochi hashindwi na mdoli." Maneno haya utayasikia Mtwara mjini, utayasikia Masasi, na ni kweli nusu tu. Mkono uliozoea kroshia hauogopi sindano wala haupotezi hesabu, na hiyo ni faida kubwa. Lakini kitambaa cha kochi hupendeza kwa matundu yake, na mdoli huharibika kwa matundu hayo hayo. Kitambaa kinalazwa, mdoli unajazwa. Karibu makosa yote ya midoli niyaonayo, kuanzia shingo inayolala hadi pamba inayochungulia tumboni, chanzo chake ni mtu kufuma mnyama kwa mkono wa kitambaa.

Kwenye kitambaa tunatumia zaidi fundo refu, lile la kuzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuiingiza. Mdoli unataka fundo fupi: unaingiza sindano, unavuta uzi, vinabaki vitanzi viwili, unavuta tena upite katika vyote viwili, basi. Sindano nayo iwe nyembamba kuliko inavyoelekezwa kwenye karatasi ya uzi. Imeandikwa milimita 4, wewe chukua 3 au hata 2.5. Vidole vitalalamika siku za mwanzo. Kipimo ni rahisi: ingiza kidole ndani ya kazi yako, uivute kidogo, uiangalie kwenye mwanga. Ukiona ngozi yako, mtoto ataona pamba.

Hesabu nayo inabadilika. Wengi wanaanza mdoli kwa mafundo 12 kwenye pete ya kwanza kwa sababu ndivyo walivyofundishwa vitambaa, kisha wanashangaa ukingo unafanya mawimbi. Kumi na mbili ni hesabu ya fundo refu. Fundo fupi kimo chake kinakaribiana na upana wake, na mzunguko wa duara lolote ni kama mara 6.28 ya nusu kipenyo chake. Kwa hiyo kila mzunguko unadai mafundo sita zaidi ya uliotangulia. Unaanza na 6, unakwenda 12, 18, 24, 30, 36, na duara linalala lenyewe. Ukiacha kuongeza, linaanza kusimama ukuta. Ukipunguza sita sita, linajifunga. Kichwa cha mnyama yeyote, awe tembo wa Liwale au kasa wa Msimbati, ni hesabu hiyo tu.

Tena usiufunge mzunguko. Kitambaa tunakifunga kila duru na kupanda kwa cheni, yaani vitanzi vinavyofuatana kimoja kimoja. Mdoli unazunguka moja kwa moja bila kukatika, la sivyo mstari wa maungio utaonekana ubavuni kama kovu. Kwa kuwa huoni mwanzo wala mwisho, weka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye fundo la kwanza la kila mzunguko, na ukihamishe unapopanda. Asiyeweka alama hiyo anahesabu kwa kukisia, na mnyama wake atakuwa na shavu moja kubwa.

"Uzi wa sufu ni manyoya ya kondoo, ndiyo maana una joto." Uzi mwingi unaouzwa madukani kwetu kwa jina hilo ni akriliki, yaani plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli. Jaribio lake linajulikana: shika kauzi kafupi kwa koleo, mbali na nguo, ukaunguze. Manyoya hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba hunuka karatasi. Akriliki huyeyuka ikaacha kitonge kigumu cheusi. Simaanishi kwamba akriliki ni mbaya. Kwa mdoli mimi naipenda, rangi haziishi na haiogopi maji. Ila usiipitishie pasi ya moto. Ikishaungua inalegea, na hairudi tena.

Sasa niingie kwenye kujaza, maana hapa ndipo penye maneno mengi.

La kwanza husema kwamba bila pamba ya dukani, ile nyeupe ya plastiki, huwezi kutengeneza mdoli. La pili linapinga la kwanza: sufi ipo bure, misufi imejaa, jaza sufi umalize. Yote mawili yamekosea, la pili kidogo tu.

Sufi ni nyepesi sana kwa sababu kila unywele wake una uwazi ndani, na juu una nta inayoyakataa maji. Ndiyo sababu zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Mito yetu imejazwa sufi tangu enzi za mababu. Lakini nywele zake ni fupi na zinateleza. Zinateleza kiasi kwamba huwezi kuzisokota uzi kama pamba, na kwa utelezi huo huo zinapenya kwenye matundu ya kroshia. Mdoli uliojazwa sufi moja kwa moja, baada ya muda unaota ndevu mwili mzima. Dawa yake ni kufuko. Chukua kipande cha kanga iliyochakaa, kishone kwa umbo la tumbo la mnyama, jaza sufi humo, kifunge, ndipo ukiingize ndani ya kroshia. Kichwa vivyo hivyo. Miguu myembamba usihangaike nayo, ijaze masalio ya uzi.

Kabla ya kujaza, toa kokwa zote. Zina mafuta, na wadudu wanazipenda. Fanya kazi hiyo umejifunga kitambaa puani, maana vumbi lake linakereketa, na usiifanye karibu na kibatari wala jiko la mkaa. Sufi inashika moto haraka kuliko unavyoweza kusimama.

Kuna pia wanaokata sponji la godoro kuukuu vipande vipande. Inawezekana, lakini sponji lililozeeka linasagika likawa unga wa manjano, na uvimbe wa vipande unaonekana kwa nje. Silipendekezi.

Halafu lipo hili: "Jaza mpaka ukaze, ndiyo uimara." Ukijaza kupita kiasi mafundo yanatanuka, matundu yanafunguka, na kazi yote uliyoifanya kwa sindano nyembamba inapotea. Jaza kidogo kidogo, kadiri unavyofuma. Usingoje mpaka ubakiwe na kitundu cha kupenyeza kidole. Pembeni kwanza, katikati baadaye. Shingo na maungio ya miguu ndiyo ya kukaza.

Wanaosema mdoli wa kroshia haufuliwi wanachanganya uzi na kilicho ndani. Akriliki iliyojazwa pamba ya plastiki inafuliwa kwa mkono, inakamuliwa kwa kukandamizwa ndani ya taulo, si kwa kusokotwa, inaanikwa. Yenye sufi, fungua mshono, toa kufuko, fua ganda tu. Sufi ikilowa inashikana mabonge, na kuanzia Desemba mpaka Aprili, mvua zikiwa zimetamalaki huku kusini, haikauki upesi ndani ya mdoli. Ukungu ndio unaofuata.

Kwenye macho sina mzaha. Yanauzwa macho meusi ya plastiki yenye kifungo cha kubana kwa nyuma, na watu wanaamini kwamba yakishabanwa yanamfaa mtoto wa umri wowote. Hayamfai. Kifungo kinabana vizuri. Kinacholegea ni uzi unaokizunguka. Mtoto anatafuna, tundu linatanuka, jicho linatoka zima pamoja na kifungo chake. Wapimaji wa vitu vya watoto wanatumia kopo dogo lenye upana wa milimita 31.7: chochote kinachoingia humo kizima kinahesabika kuwa kinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu. Jicho la mdoli linaingia na nafasi inabaki. Vivyo hivyo shanga na vifungo vya shati. Mdoli wa mtoto mdogo, macho yatariziwe kwa uzi mweusi, na mdomo pia. Uso unakuwa mzuri zaidi hata, kama una subira.

Na mtoto mchanga aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na mdoli kabisa, hata wa kutarizi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri vitu laini visiwepo mahali anapolala, kwa hofu ya kuzibwa pumzi. Mkae naye mchana, mchezeshe, usiku mdoli uweke juu ya kabati.

Wapo wanaoniambia mnyama wa kufuma ni haramu kwa Mwislamu. Kuhusu sanamu wanazuoni wamesema mengi, na si mahali pangu. Lakini anayekataza vya kuchezea watoto kana kwamba hakuna hitilafu, amesahau habari za Bi Aisha, aliyecheza na midoli nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Katika Abu Dawud kuna simulizi ya farasi wake wa kuchezea mwenye mabawa mawili ya kitambaa. Mtume alipouliza farasi gani ana mabawa, akajibiwa kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nayo, akacheka. Wanazuoni wengi wameruhusu vya watoto kwa msingi huo. Mwenye shaka amuulize shehe wake, si jirani anayepita.

Kwamba kroshia ni kazi ya wanawake peke yao, nitalipita haraka. Nenda Mikindani ukawaone wavuvi wakiziba nyavu, uniambie kama vidole vile havijui kitanzi. Ireland, katika njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852, familia zilijiokoa kwa kuuza kroshia, na wanaume nao walishika sindano.

Kuna mnyama mmoja ambaye nashangaa hatumfumi zaidi, ilhali ni wetu: mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria mkubwa wa shingo ndefu. Na juu yake kuna dhana mbili. Kwa kuwa tunamwita mjusi, wachache wanaomfuma wanamtengeneza kama kenge, miguu imetanuka pembeni, tumbo chini, mkia unaburuta. Mnyama yule hakuwa hivyo. Mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kule Lindi kati ya 1909 na 1913, iliyosimamishwa katika makumbusho ya Berlin, inaonyesha miguu iliyonyooka chini ya mwili, ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo umeteremka kuelekea mkiani, na shingo imepanda juu. Alikuwa mla majani. Kimo cha mifupa hiyo ni mita 13.27, kwa hiyo ukifuma wa sentimita 26 au 27 umemfanya sehemu moja ya hamsini.

Dhana ya pili ni kwamba shingo ndefu haisimami bila waya. Waya hutoboa. Unapita uzi, unapita kidole, na ukiwa ndani ya mdoli wa mtoto ni hatari ileile ya macho. Shingo inasimama kwa kufumwa pana chini na kupungua taratibu kuelekea juu: anza na mafundo 24 penye mabega, punguza kidogo kidogo kila baada ya mizunguko kadhaa, ifike 12 karibu na kichwa. Ikaze kwa pamba tangu mwanzo, na uishone mwilini kwa duru mbili za uzi. Akiwa bado anaanguka kifudifudi, ongeza pamba nyuma na urefushe mkia. Uzito wa mkia unamsimamisha, na nina imani hata wa kweli ulimsaidia.

Mwisho ni bei, na dhana inayotuumiza zaidi: "Hizi zinatengenezwa na mashine, mbona ghali?" Sweta linafumwa na mashine. Kroshia ya kweli bado inafumwa kwa mkono, hata ile inayoshushwa kwa makontena kutoka China. Kila fundo linafungwa peke yake kabla ya jingine kuanza, na viwanda havijaizoea kazi hiyo. Mdoli wa bei ya kutupa haujatoka kwenye mashine. Umetoka kwa mtu aliyelipwa kidogo.

Mhesabie mteja mbele yake. Kichwa cha tembo kinachopanda mpaka mafundo 36, kikaenda mizunguko sita bila kubadilika, kisha kikapungua, ni mafundo 432. Mwili wa ukubwa huo ni 432 mengine. Miguu minne, kila mmoja ukianza na 6 na kuendelea mizunguko tisa ya mafundo 12, ni 456. Umefika 1,320, na bado mkonga, masikio, mkia na kushona. Tuseme imekuchukua saa nane, uzi na pamba vikala shilingi elfu nne, ukauza elfu kumi. Saa yako umeiuza shilingi 750.

Mimi huanza kwa kukadiria saa, ndipo najumlisha uzi. Mtu akisema ni ghali, namwonyesha kasa mdogo wa kuning'iniza kwenye funguo, usio na miguu ya kushona mmoja mmoja. Midoli mikubwa naifuma kabla ya Oktoba, minada ya korosho haijaanza, kwa sababu pesa zikiingia Newala na Tandahimba wanunuzi wanakuja kwa pamoja na hakuna anayetaka kungoja. Anayetaka rangi yake maalumu anatanguliza pesa ya uzi.