Mbao Ikauke Kwanza? Dhana Potofu Kuhusu Fremu za Mbao za Jadi

Ushauri wa kwanza anaopewa mtu anayetaka kujenga kwa nguzo na boriti nene ni huu: tafuta mbao kavu. Anayetengeneza kabati au meza aufuate. Kwenye fremu ya nyumba, ambako ncha ya mti mmoja huchongwa ulimi, mwenzake hutobolewa tundu, kisha viwili hivyo hufungwa kwa kijiti cha mti, ushauri huo unapoteza miaka.

"Mbao mbichi haijengi"

Hebu tupige hesabu. Kwa kadirio la mafundi, mwaloni hukauka milimita 25 za unene kwa mwaka. Boriti ya milimita 200 ingengojewa miaka minane hivi, na mwisho wake ingekuwa ngumu ya kukutoa jasho kwa kila pigo la patasi. Mafundi wa zamani hawakungoja. Walichonga mti ungali mbichi, wakausimamisha, ukakaukia palepale kwenye jengo. Na si wa zamani peke yao: paa la Notre-Dame jijini Paris, lililoteketea tarehe 15 Aprili 2019, lilijengwa upya kwa mwaloni mbichi uliochongwa kwa shoka, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024.

Ila mti mbichi una tabia zake, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Ukikauka husinyaa, tena hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu haubadiliki. Kufuata mzunguko wa pete za ukuaji, husinyaa takriban mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kuelekea gome. Boriti iliyobeba kiini ndani yake basi haina budi kupasuka mahali fulani. Wenye nyumba huziona nyufa hizo wakashtuka, ilhali nyingi hufuata nyuzi za mti na hazipunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha. Ufa wa kuogopa ni ule unaokatiza kwenye kiungo, au unaoambaa na mstari wa vijiti.

Kijiti chenyewe ndicho kinachotakiwa kiwe kikavu. Kipasuliwe kwa kufuata nyuzi, kisichanwe kwa msumeno, maana nyuzi zilizokatwa mshazari huvunjika kikipigwa nyundo. Halafu kuna ujanja ninaoupenda kuliko mwingine wowote katika kazi hii: tobo la kijiti kwenye ulimi husogezwa milimita 2 au 3 kuelekea bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia kwenye mti wake, lisilingane na matobo ya kwenye tundu. Kijiti kikipigwa, hujipinda kidogo na kuuvuta ulimi ndani. Mbao ikiendelea kusinyaa, kiungo bado kimevutwa.

"Hakuna msumari hata mmoja"

Maneno haya husemwa kwa fahari, hasa kuhusu mahekalu ya Japani. Nguzo ya kati ya pagoda, yaani mnara wa ghorofa kadhaa, ya hekalu la Hōryū-ji ilitoka kwenye mti uliokatwa mwaka 594, na hekalu hilo lina misumari ya chuma iliyofuliwa kwa mkono. Fundi wa jadi hakuwa na uadui na chuma. Alichokataa ni kukiachia msumari kazi ya kiungo kikuu.

Wengine hudhani kijiti ndicho kinachobeba mzigo. Kwenye kiungo kilichokatwa vizuri, boriti hukaa juu ya mti mwenzake, na kijiti huzuia tu visiachane. Ukikuta kijiti kinabeba uzito wa dari, kuna aliyekosea kuchora.

Moto nao una hadithi zake. Boriti nene huungua taratibu, kama milimita 0.7 kwa dakika kwa mbao nyingi laini, kwa sababu makaa ya nje huikinga sehemu ya ndani. Hilo halimaanishi haiungui. Paa la Paris nimekwisha litaja.

"Bila vifaa vya kale si ufundi"

Shoka na tezo ni raha kutumia, lakini mashine ya kutobolea haimharibii mtu ufundi. Keekee ya umeme ikitoa taka nyingi na patasi kali ikimalizia kuta za tundu, kiungo hakijui tofauti. Kinachojua tofauti ni mstari.

Kuchonga hujifunzwa kwa wiki chache. Kuchora alama ndiko kunakomaliza miaka. Mti uliochongwa kwa shoka hauna pembe mraba wala haunyooki, kwa hiyo vipimo havianzii popote unapopenda. Huchaguliwa nyuso mbili za rejea, au miti hulazwa mmoja juu ya mwingine na umbo la mmoja likahamishiwa kwa mwenzake kwa timazi. Njia hii ya pili, kama inavyofanywa Ufaransa, iliingizwa na UNESCO mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi usioshikika. Kila mti hupewa namba kwa patasi, mara nyingi za Kirumi kwa kuwa ni mistari minyoofu, maana fremu hufumuliwa na kuunganishwa kwingine. Paa la Westminster Hall, ukumbi wa kale jijini London, lilitengenezwa miaka ya 1390 karibu na Farnham, ndipo likasafirishwa vipande vipande.

Kwa hiyo usianze na nyumba. Anza na vigoda viwili vya kukatia mbao, vyenye ndimi na matundu ya kweli. Tundu langu la kwanza lilitoka safi ajabu, na lilikuwa upande usio wake. Siku hizi hutia msalaba kila sehemu ya kutolewa, kisha humwomba mtu aisome mistari bila mimi kumweleza kitu. Akiuliza, "Hili linatazama wapi?", naweka patasi chini na kuchora upya.