Sheria Ikiruhusu, Je, Kiongozi wa Dini Atalazimika Kufungisha Ndoa ya Jinsia Moja?

Tunapowafundisha viongozi wa dini masuala ya sheria, mjadala wa ndoa za watu wa jinsia moja huanzia mbali na kuishia pale pale: nchi ikiziruhusu, padri, mchungaji au shehe akikataa kuzifungisha atashtakiwa? Tangu Uholanzi ilipofungua njia tarehe 1 Aprili 2001, nchi nyingi zimepita hapo, kwa hiyo hatuna haja ya kubuni majibu. Katika nchi zote nitakazozitaja, kiongozi wa dini hajalazimishwa. Namna alivyolindwa ndiyo inayotofautiana, na humo ndimo kuna somo.

Neno lenyewe linatuchanganya. Tukisema “ndoa” tunabeba vitu viwili kwa mpigo. Kuna hadhi ya kisheria: nani amrithi nani, mali igawanywe vipi watu wakiachana. Kisha kuna tendo la dini: kwa Mkatoliki ni sakramenti, kwa Mwislamu ni akdi, yaani mkataba, yenye walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi na mahari. Mahakama ya serikali ikivunja ndoa ya Wakatoliki wawili, Kanisa lao bado huwahesabu kuwa mume na mke, na hakuna anayeshangaa. Kwenye talaka tofauti hii tumeizoea zamani. Ikifika habari ya jinsia moja, tunaisahau ghafla.

Ufaransa ilivitenganisha vitu hivyo tangu 1792. Ndoa inayotambulika ni ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa manispaa, na kiongozi wa dini mwenye mazoea ya kubariki ndoa kabla ya hiyo anaweza kushtakiwa. Sheria ya mwaka 2013 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja ilipopita, pamoja na maandamano yote yaliyoitangulia, haikugusa madhabahu ya mtu yeyote, maana makasisi hawakuwa na kalamu ya serikali mkononi.

Ugumu unakuja pale kiongozi wa dini anapokuwa pia msajili wa ndoa. Uingereza ndiyo mfano ninaoupenda kufundishia. Kanisa la Anglikana la huko ni kanisa la dola, na kasisi wa parokia ana wajibu wa kisheria wa kuwafungisha ndoa wakazi wa eneo lake. Wajibu huo ungeachwa hivyo hivyo, angebanwa. Kwa hiyo sheria ya Uingereza ya 2013 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja ililitenga kabisa kanisa hilo na ndoa hizo. Madhehebu mengine yakaambiwa: anayetaka na aombe mwenyewe, na hata dhehebu likikubali, mhudumu mmoja mmoja anaweza kukataa. Waquaker, dhehebu dogo la Kikristo, walikuwa wameamua tangu 2009 kwamba wanataka kuzifungisha, lakini sheria ya wakati huo haikuwapa nafasi. Wamethodisti walikubali mwaka 2021. Jambo hili husahaulika sana: uhuru wa dini unaweza kudaiwa na anayekataa, na pia na anayetaka.

Denmaki ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 bunge liliruhusu ndoa hizo ndani ya Kanisa la Kilutheri la taifa. Mchungaji anaruhusiwa kukataa, lakini askofu anapaswa kumtafuta mwingine. Dhamiri ya mtu ililindwa, milango ya kanisa ikabaki wazi. Wenye hofu wangetaja mfano huu, ningewaelewa, ila wakumbuke kwamba kanisa la taifa huongozwa kwa sheria za bunge, na madhehebu huru ya nchi hiyo hayakuwekewa sharti hilo.

Afrika Kusini, baada ya hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Desemba 2005, ilipitisha sheria yake Novemba 2006. Dhehebu linalotaka huomba kibali, lisilotaka hukaa kimya. Hata maofisa wa serikali waliruhusiwa kukataa kwa sababu ya dhamiri, lakini ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2020. Kwa maoni yangu hapo palikuwa pa kukazia: karani wa ofisi ya umma si mchungaji.

Ndani ya dini zenyewe hakuna sauti moja. Madhehebu makuu ya Kiislamu, ya Sunni na Shia, yanashikilia kwamba nikahi ni ya mwanamume na mwanamke. Kanisa la Scotland liliwaruhusu wachungaji wake mwaka 2022. Vatikani, tarehe 18 Desemba 2023, ilikubali baraka zisizo za kiliturujia, yaani zisizo sehemu ya ibada rasmi, kwa wapenzi wa jinsia moja bila kubadili fundisho la ndoa, na mwezi uliofuata maaskofu wa Afrika wakasema hazitatolewa katika makanisa yao.

Kesi zenyewe hazianzii madhabahuni. Huanzia kwenye kumbi za kukodisha. Jimboni British Columbia, Kanada, wanawake wawili waliweka nafasi katika ukumbi wa chama cha wanaume Wakatoliki. Chama kilipojua ni harusi ya nani, kikafuta. Mwaka 2005 baraza la haki za binadamu la jimbo liliamua kwamba chama kilikuwa na haki ya kukataa kwa sababu ya imani, lakini kiliwavunjia heshima kwa jinsi kilivyofuta, bila hata kuwasaidia kupata ukumbi mwingine. Kila mmoja alilipwa dola 1,000 za Kanada, pamoja na gharama zao.