Kuzinduka siyo kupona: maswali kuhusu jeraha la kichwa na kumbukumbu

Kijana ameanguka na bodaboda, akazimia dakika chache, sasa amezinduka na anaongea vizuri. Bado kuna haja ya hospitali?

Ipo, na ni sasa hivi. Pigo likipasua mshipa wa damu chini ya fuvu, damu hujikusanya taratibu na kuanza kuubana ubongo. Kwa saa kadhaa mgonjwa anaweza kuongea, kutaniana na kuomba chai. Baadaye kichwa kinazidi kuuma, anatapika, usingizi unamzidi, na ndugu wanasema "mwacheni apumzike". Alfajiri haamki. Wapo wanaoletwa wakiwa hoi kutoka wilaya za Dodoma kama Bahi, Kongwa au Mpwapwa, ambao waliumia jana yake jioni, na jioni hiyo walikuwa wanaongea. Kuzinduka siyo kupona.

Kituo cha afya walipiga eksirei, fuvu halijavunjika. Haitoshi?

Haitoshi. Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi damu iliyo ndani. Kipimo cha kuiona damu hiyo ni CT scan, yaani picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa mashine. Kwa Dodoma mjini, Hospitali ya Benjamin Mkapa inacho, na upasuaji wa ubongo unafanyika hapo. Ombeni rufaa mapema.

Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi?

Ndugu mmoja aende polisi, mgonjwa aende hospitali. Aliyezimia hazungushwi kutafuta karatasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba dawa ya kuzuia damu kuvuja, traneksamiki, hupunguza vifo vya wenye jeraha la kichwa la kiwango kidogo au cha kati ikitolewa ndani ya saa 3. Saa hizo zisiishie kwenye benchi la kituo cha polisi.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, tuangalie nini?

Saa 48 za mwanzo asilale peke yake. Mwamsheni usiku, ajibu yuko wapi na wewe ni nani. Mrudisheni mara moja akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiongea ovyo, akipata kifafa, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji maji yakitoka puani au masikioni. Na tafadhali, msiseme "ni pombe tu". Mlevi naye hupasuka mshipa.

Kwa maumivu, mtu mzima apewe parasetamo: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki na aspirini hapana, maana zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Kukanda kichwa kwa maji ya moto hakusaidii chochote, kunachelewesha tu safari.

Ametoka wodini, lakini anauliza jambo lile lile mara kumi. Amerogwa?

Hajarogwa. Ameumia sehemu za ubongo zinazohifadhi mambo mapya. Kumzungusha kwa waganga kunamaliza fedha na miezi ambayo angekuwa kliniki.

Mbona pikipiki anaendesha vizuri kabisa?

Hapo ndipo familia nyingi zinapodanganyika. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, akaondolewa sehemu iitwayo hipokampasi pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kushika kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo. Kila siku mkono wake uliboreka, naye hakukumbuka kwamba amewahi kuchora. Ujuzi wa mikono na kumbukumbu ya matukio havikai mahali pamoja. Kwa hiyo anaweza kukanyaga gia vizuri na asahau anampeleka abiria wapi, au achelewe kuona gari linalokatiza mbele yake. Kuendesha vizuri nako siyo kupona.

Tumsaidieje akumbuke?

Acheni kumpima kila mgeni anapoingia: "Unanikumbuka? Mimi nani?" Mwenye shida kubwa ya kumbukumbu akibahatisha jibu, kosa ndilo linalobaki kichwani. Watafiti Alan Baddeley na Barbara Wilson walilionyesha hilo mwaka 1994: hujifunza vizuri zaidi akizuiwa kukosea. Mpeni jibu kwanza: "Mimi ni shangazi yako, nimetoka Kondoa." Kisha arudie. Baada ya dakika moja arudie tena, halafu baada ya tano, halafu kumi. Dawa zikae mahali pamoja siku zote, saa zake ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa, alamu ya simu ilie. Jambo moja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa.

Atarudi lini kazini?

Jeraha dogo: apumzike siku 1 hadi 2, kisha aanze kazi nyepesi kidogo kidogo, wengi hupona ndani ya wiki chache. Jeraha kubwa: nafuu huja kwa kasi zaidi miezi 6 ya mwanzo, na inaweza kuendelea hata miaka 2. Msikate tamaa mwezi wa tatu. Pombe asiguse. Asipande pikipiki mpaka daktari aridhie, hata kama mkopo wa bodaboda unadai, kwa sababu pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuumiza kuliko la kwanza. Akisharuhusiwa, kofia ngumu ifungwe mkanda chini ya kidevu. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika kwenye lami.