Mbwa wa Polisi Anapoitwa Kwenye Tukio: Ufafanuzi kwa Wananchi

Malalamiko yanayoelekezwa kwa askari waongoza mbwa yameongezeka, na mengi yana sura moja: duka limevunjwa usiku, mbwa ameletwa asubuhi, amezunguka uani mara mbili tatu akarudi alipoanzia, na kabla gari halijaondoka imekwisha kusemwa mtaani kwamba mbwa huyo ni mzee, ana njaa, au mwongozaji wake amepewa kitu kidogo. Tunatambua kwamba wengi wanaosema hivyo wanasukumwa na uchungu wa mali yao na hawana nia mbaya. Hata hivyo, mara nyingi kazi huwa imekwisha kuharibika kabla mbwa hajafika, na walioiharibu ni wale wale waliopiga simu.

Mbwa wa kufuatilia hafuati sura ya mtu wala dhamiri yake. Anafuata chembe za ngozi na jasho ambazo kila mwili huziangusha unapotembea, pamoja na harufu ya udongo na majani yaliyokanyagwa. Pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, wakati ya binadamu ina takribani milioni 5 tu, lakini uwezo huo haumsaidii sana pale ambapo umati umekwisha kupita juu ya nyayo za mwizi ukienda kuchungulia dirisha lililovunjwa. Jua la saa sita na upepo huitawanya harufu, na lami yenye joto huishikilia kwa muda mfupi kuliko ardhi yenye unyevu. Kwa sababu hiyo taarifa ya alfajiri ina thamani kubwa kuliko ya mchana, na tunashindwa kuelewa kwa nini baadhi ya watu huanza kwanza kuitana, kupiga picha na kufagia vioo, ndipo wakumbuke kupiga 112.

Mfano mmoja unajirudia mno. Mwizi ameacha kandambili moja ukutani aliporuka. Kwa mwongozaji hiyo ni bahati, kwa kuwa huweza kuisogeza puani mwa mbwa, akamfunga mkanda wa kifuani, akaachia kamba ndefu na kumwacha atafute uelekeo. Akifika, hukuta kandambili hiyo imeshikwa na jirani, imeoneshwa kwa mjumbe, na kijana mmoja wa mtaani amelazimishwa kuivaa ili ionekane kama inamtosha. Baada ya hapo mbwa akienda nyumbani kwa kijana huyo atakuwa amefanya kazi yake sawasawa kabisa, na matokeo yake yatakuwa ni uonevu. Kitu kilichoachwa na mhalifu kisiguswe. Kikiwa kinaweza kuloweshwa na mvua, kifunikwe na beseni safi bila kukigusa, na aliyefunika abaki hapo ili amweleze askari alichofanya.

Mbwa wa kunusa dawa za kulevya, milipuko au nyara kama pembe za ndovu, ambao wasafiri huwaona bandarini na kwenye viwanja vya ndege, ni suala jingine. Huyu hafuati mtu, hutafuta harufu aliyofundishwa, na akiipata kwa kawaida huketi au hutulia mbele ya mzigo. Ipo imani sugu kwamba mbwa hawa hulishwa bangi au heroini hadi wawe watumwa wake. Si kweli, na mbwa wa namna hiyo angekufa au angekuwa hana faida. Mbwa hufundishwa kwamba akiitambua harufu fulani atapewa mpira wake acheze na mwongozaji, na kwake yeye upekuzi wote ni kutafuta mpira huo. Abiria anayempapasa, kumpigia mluzi au kumtupia biskuti anavuruga kazi, hata kama anafanya hivyo kwa upendo.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni lile linalotokea mbwa anaposimama mlangoni kwa mtu. Kusimama huko ni dokezo la upelelezi, si hukumu. Katika shauri la Omondi la mwaka 1967, lililoamuliwa nchini Kenya, mahakama ilionya kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa tahadhari, na kwamba ielezwe kwanza mbwa amefunzwa vipi na anaaminika kiasi gani. Kusema tu kwamba amekamatisha watu wengi hakutoshi. Ikiwa hakimu mwenye jalada mbele yake anapaswa kusita, kundi la watu wenye mawe lina haki gani ya kutosita? Anayempiga mtu au kuchoma nyumba yake kwa sababu ya mbwa atashtakiwa kwa kosa hilo, hata kama mwenye nyumba atabainika baadaye kuwa ndiye mwizi.

Kuhusu upekuzi wa nyumba, kuwapo kwa mbwa hakubadilishi sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20, inataka upekuzi ufanywe kwa kibali, isipokuwa katika mazingira ya dharura yaliyoainishwa. Hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya mawio na machweo ya jua, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Na kitu kinachochukuliwa kiandikiwe stakabadhi inayosainiwa pia na mwenye nyumba na mashahidi. Muislamu anayo haki ya kumwonesha mwongozaji mapema palipo na msala na nguo za ibada ili viondolewe kwa utaratibu mbele ya askari, kwani tunafahamu uzito wa mate ya mbwa katika twahara. Ombi hilo si kosa. Kosa ni kulitumia kuchelewesha, au kumzuia askari kwa makusudi asitekeleze wajibu wake, ambako chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5.

Mtu asiyehusika akiumwa na mbwa wa polisi, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata akielezwa kwamba mbwa huyo amechanjwa kichaa. Baada ya hapo afungue taarifa kituo cha polisi na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa hiyo katika kitabu cha polisi. Mwenye lalamiko dhidi ya mwongozaji, ikiwamo tuhuma ya rushwa, aliwasilishe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya au TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, akitaja tarehe, saa na mahali. Maneno ya kijiweni hayawezi kufunguliwa jalada.