Asilimia 37 haina maana kwamba 63 ni uchafu

Nimeletewa tena chupa ya asidi hidrokloriki na swali lilelile: "Hii imeandikwa asilimia 37 tu, hiyo 63 iliyobaki ni uchafu gani? Huna ya asilimia 100?" Nimelijibu mdomoni hadi nimechoka, leo naliandika.

Iliyobaki ni maji. Hidrojeni kloridi yenyewe ni gesi, huchemka kwenye nyuzi 85 za Selsiasi chini ya sifuri. Asidi hidrokloriki ni gesi hiyo ikiwa imeyeyuka majini, na maji yana kikomo cha kuibeba. Ukivuka 38 hivi, kila ukifungua kifuniko gesi inatoroka kwa wingi. Ndiyo maana chupa za maabara huishia 37. Lita moja ina uzito wa kilo 1.19 hivi, asilimia 37 yake ni gramu 440, sawa na moli 12 (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe). Hiyo 12 ikaririni, itawafaa kila siku.

Ukolezi, yaani kiasi cha asidi kilichomo majini, na usafi ni vitu viwili. Asidi ya asilimia 10 inaweza kuwa safi kuliko ya 37. Usafi unausoma kwenye maandishi madogo ya uchambuzi: chuma, salfeti, klorini huru, metali nzito. Nawaomba, geuzeni chupa msome upande wa pili kabla ya kununua!

"Ya manjano ndiyo kali." Si kweli. Asidi safi haina rangi, na umanjano mara nyingi ni chuma. Juzi nilichukua ile ya kusafishia vigae, asilimia 31 hivi, nikaizimua kwa maji na kudondosha matone mawili ya potasiamu thayosayaneti, kemikali inayogeuka nyekundu ikikutana na chuma. Papo hapo ikawa nyekundu kama damu. Ya maabara ilibaki kama maji. Kwa kuondoa kutu, chuma hicho hakikudhuru. Ukitaka kupima chuma kwenye sampuli, kazi imeharibika hata hujaanza.

Wengine huichemsha ili ikolee. Ile ya 37 hupoteza gesi kwanza, ikashuka hadi asilimia 20.2, kisha maji na gesi hutoka pamoja kwenye nyuzi 108.6. Umejaza chumba mvuke wa sumu, na chuma bado kimo chunguni.

Na ikifuka moshi haijaoza: ni gesi inayokutana na unyevu wa hewani. Ifunge vizuri, iwe mbali na vifaa vya chuma, na kamwe isikutane na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu hapo inatoka gesi ya klorini.