Anga la utosini Tanga na msako wa nyutrino

Simama Raskazone, hapa Tanga, mwanzoni mwa Desemba, saa sita usiku, utazame utosini kisha ushushe macho upande wa kaskazini kwa kiasi cha ngumi moja ya mkono ulionyooshwa. Hapo, karibu na bega la Jabari, ndipo ilipo TXS 0506+056, galaksi yenye shimo jeusi linalorusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu. Kwa macho matupu huioni: iko mbali miaka ya nuru bilioni 4 hivi. Tarehe 22 Septemba 2017, kitambuzi cha IceCube huko Ncha ya Kusini kilinasa nyutrino moja, chembe ndogo isiyo na chaji inayopenya karibu kila kitu, yenye nishati ya takriban teraelektronivolti 290, kutoka upande huo, wakati galaksi yenyewe imepamba moto kwa miale ya gama.

Kuna sababu ya vyanzo kama hiki kuonekana kwenye anga la utosini mwetu. Anga linalopita juu ya Tanga, kule Nchani hulala kwenye upeo wa macho. Myuoni, chembe jamaa za elektroni ila nzito zaidi, zinazozaliwa angahewani humiminika kwenye kitambuzi kutoka juu, karibu 3,000 kila sekunde. Zinazotoka chini ya upeo huchujwa na ardhi. Ila ukishuka mno, ardhi humeza hata nyutrino zenye nishati kubwa tunazozitaka. Pembezoni mwa upeo ndipo penye nafuu.

Sensa za IceCube, yaani vihisi vya mwanga, ni 5,160, kwenye nyaya 86 ndani ya barafu, kina cha mita 1,450 hadi 2,450. Nyutrino ikizaa myuoni, myuoni huchora mstari wa mwanga wa Cherenkov, ule wa buluu unaotoka chembe inapoipita kasi ya nuru ndani ya barafu, na tofauti za nanosekunde kati ya sensa na sensa hutupa uelekeo kwa kosa lisilofika nyuzi moja. Tukio lisilo na mstari, la mpasuko wa mwanga tu, hukosea nyuzi 10 au zaidi. Kuna pia tabaka la vumbi kwenye kina cha mita 2,000 hivi linalofyonza mwanga. Usipoliweka sawasawa kwenye hesabu, uelekeo unapinda.

Kisha inakuja hatua wanayoteleza wengi. Tunachanganya ovyo longitudo za matukio angani mara maelfu, tuone bahati peke yake inaweza kurundika nini mahali pamoja. Galaksi ya NGC 1068, nayo ya utosini kwetu, ilionyesha ziada ya nyutrino 79 katika data za 2011 hadi 2020: sigma 5.2 (sigma ni kipimo cha jinsi bahati peke yake isivyoelekea kuleta matokeo hayo; kwa desturi ugunduzi hudai 5). Lakini orodha iliyokaguliwa ilikuwa na vyanzo 110, na adhabu ya kutazama kote huko iliishusha hadi 4.2. TXS, kwa nyutrino ile moja, ina kama 3. Hata ukijumlisha mkupuo wa nyutrino 13 hivi wa mwaka 2014 na 2015, mimi bado siiandiki kuwa imethibitishwa.